Aliyelazwa kwa Nusukaputi Aulizwe Alichosikia

Wazee wa Kisii na Nyamira hawahitaji kufunzwa maana ya mtu kupasuliwa akiwa macho. Kabla hospitali hazijaenea katika milima hii, na hata miaka mingi baadaye, palikuwa na bingwa aliyeitwa omobari omotwe, yaani mpasuaji wa kichwa. Aliyepigwa rungu au kuanguka, kisha akaandamwa na maumivu ya kichwa yasiyokoma, alipelekwa kwake. Bingwa huyo aliichana ngozi, akaukwangua mfupa wa fuvu kidogo kidogo kwa vyuma vyake, huku jamaa wakimshikilia mgonjwa. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi, aliuchunguza ufundi huo katika miaka ya 1950. Naye Mjerumani Rolf Meschig akauandikia kitabu mnamo mwaka wa 1983.

Siutaji ufundi huo ili kuusifu wala kuubeza. Nautaja kwa sababu ya jambo moja ambalo wageni waliouandika hawakulitilia uzito: hapakuwa na shaka yoyote juu ya fahamu za mgonjwa. Alikuwepo. Akiumia alionekana kuumia, na mwenye kisu aliliona hilo usoni pake.

Shaka hiyo ililetwa na maendeleo. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na upasuaji ukafanyika bila mayowe. Kwa takriban miaka 100 iliyofuata, mtoa nusukaputi alikisia kina cha usingizi kwa kumtazama mgonjwa: mboni za macho, mwendo wa pumzi, ulegevu wa misuli, mkono unaojikunyata kisu kinapogusa. Kisha, mwaka wa 1942, Harold Griffith wa Montreal akatumia kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kuilegeza misuli ya mgonjwa aliyekuwa mezani. Kazi ya wapasuaji ikawa nyepesi mno. Lakini dalili zile za kale zikatoweka, maana aliyepooza hajikunyati wala hapumui kwa nguvu zake. Tangu hapo ikawezekana mtu awe amelala kwa macho ya wote waliomo chumbani, ilhali masikio yake yanasikia mazungumzo yao. Neno letu nusukaputi, ukilitafakari, linakiri lenyewe kwamba ndani yake mna nusu.

Hivi karibuni mama mmoja wa Nyamira alinijia na swali ambalo sijalisahau. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, ana vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ule ugonjwa unaoanza kama maumivu ya koo yasiyotibiwa na kuishia moyoni. (Walimu wenzangu, mtoto anayelalamikia koo asiambiwe tu asukutue maji ya chumvi na kurudi darasani.) Msichana huyo alikuwa amepewa rufaa kwenda hospitali ya Tenwek, kule Bomet. Mama akaniuliza: "Mwalimu, wakishamfungua kifua mtoto wangu, watajuaje kwamba amelala kweli, si kwamba amenyamaza tu?"

Nilimjibu kwamba swali lake ndilo lililowakesha mabingwa wa taaluma hiyo kwa miongo kadhaa, nao hawajalimaliza. Katika upasuaji wa moyo lina uzito wa pekee. Kwa kawaida moyo unaoenda mbio na shinikizo la damu linalopanda humdokezea mtoa nusukaputi kwamba mgonjwa anakaribia kuzinduka. Lakini hapa moyo wenyewe umesimamishwa kwa maji yenye potasiamu, na damu inazungushwa na mashine. Mapigo hayapo, na shinikizo ni la pampu. Mara nyingi mwili umepozwa, na unapopashwa moto tena, ubongo huanza kuidai dawa upya. Isitoshe, mwenye moyo dhaifu hawezi kupewa dawa ya usingizi kwa ukarimu, kwa kuwa dawa hiyo hiyo yaweza kumwangusha. Si ajabu kwamba tafiti za miaka ya nyuma zilikuta takriban mgonjwa mmoja katika kila 100 wa upasuaji wa moyo akikumbuka jambo fulani.

Ndipo ukabuniwa mtambo wa kuusikiliza ubongo wenyewe. Ulioenea zaidi huitwa BIS, na uliidhinishwa Marekani mwaka wa 1996. Vibandiko huwekwa kwenye paji la uso, umeme wa ubongo unapimwa, na kiooni inatokea nambari kati ya 0 na 100. Aliye macho hukaribia 100. Anayefaa kupasuliwa hutakiwa kuwa kati ya 40 na 60. Mwaka wa 2004 Paul Myles na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 2,463 waliokuwa katika hatari kubwa: miongoni mwa waliopimwa kwa mtambo, wawili tu walikumbuka upasuaji, na miongoni mwa wengine walikuwa 11. Shangwe zikapigwa. Lakini mwaka wa 2011 Michael Avidan na wenzake walipoulinganisha mtambo huo na njia rahisi zaidi, ile ya kupima kiasi cha dawa katika pumzi ya mgonjwa na kupiga king'ora ikipungua, mtambo haukushinda: wagonjwa saba walikumbuka upande wa mtambo, wawili upande wa pumzi. Tena BIS hudanganywa na ketamini, dawa inayotegemewa sana katika hospitali zetu ndogo. Nambari yaweza kupanda hali mgonjwa kazama usingizini.

Sisemi mitambo haina faida. Nasema hakuna nambari iliyowahi kuandikiwa kumbukumbu za mtu, na kwamba kipimo kingine kipo, hakigharimu hata senti, nacho hupuuzwa. Ni kuuliza.

Hebu tazama hesabu mbili. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka wa 2014 ulihesabu wale tu waliojitokeza wenyewe kusema kwamba walizinduka. Ukapata mmoja katika kila wagonjwa 19,000, na katika upasuaji wa moyo na kifua mmoja katika 8,600 hivi. Kule Sweden, Rolf Sandin na wenzake waliwauliza wagonjwa 11,785, si mara moja bali mara tatu, na mwaka wa 2000 wakaripoti mmoja au wawili katika kila 1,000. Wapo wanaohoji kuwa kumrudiarudia mtu kwa maswali humzulia kumbukumbu. Huenda kuna chembe ya ukweli hapo. Lakini pengo la mara ishirini au zaidi haliwezi kuzibwa kwa hoja hiyo pekee. Sehemu kubwa yake, naona mimi, ni watu walionyamaza.

Na ikiwa Mwingereza hunyamaza, sembuse bibi wa Borabu aliyelazwa wodini ambako Kiingereza ndicho lugha ya faili, Kipsigis lugha ya majirani na Kiswahili lugha ya adabu? Akiambiwa kwamba ameokolewa, atathubutu vipi kusema kwamba alisikia msumeno? Ataogopa kuonekana hana shukrani, au amerukwa na akili. Uchunguzi ule wa 2014 ulionyesha kuwa wengi waliozinduka walibaki na majeraha ya nafsi ya muda mrefu, hasa walioijua hali ya kupooza bila kuelewa kilichowasibu. Walioelewa waliathirika kidogo.

Maswali yenyewe yapo tangu mwaka wa 1970, yanajulikana kwa jina la Brice, na ni matano tu. Kitu gani cha mwisho unachokumbuka kabla ya kulala? Kipi cha kwanza ulipoamka? Unakumbuka lolote katikati? Uliota? Ni jambo gani lililokukera zaidi? Mwalimu yeyote wa Gusii aweza kuyatia katika Ekegusii jioni moja, yakaenea nusu ukurasa wa daftari, mgonjwa akaondoka nayo pamoja na barua yake ya rufaa. Mama yule wa Nyamira nilimwandikia yake, na kumsihi amweleze binti mapema kwamba akijikuta anasikia lakini hawezi kusogea, ni dawa inayolegeza misuli, wala si kifo.

Sandin aliuliza mara ya kwanza mgonjwa alipotoka chumba cha upasuaji, mara ya pili katika siku chache za kwanza, na mara ya tatu baada ya wiki moja au mbili. Hizo mbili za mwanzo ni kazi ya wauguzi. Inapofika ya tatu, mgonjwa wetu amekwisha kurudi Keroka au Nyansiongo, na aliye karibu naye ni mzazi wake au mwalimu wake wa darasa.