Jina la tovuti liko kwa nani?

Bango ni la bati, limepakwa rangi ya kijani, na limesimama kando ya Barabara ya Kilwa, Mbagala. Linatangaza kikundi cha kina mama wanaokausha maembe, mananasi na ndizi. Linataja namba ya simu, na chini kabisa, kwa herufi nyeupe zilizochorwa kwa uangalifu, linataja anwani ya tovuti inayoishia na .org. Foleni ilikuwa haisogei, nami sina la kufanya. Nikaiandika anwani ile kwenye simu.

Yakatokea matunda kweli, ila hayakuwa ya kukausha. Zilikuwa cheri, ndimu na matikiti ya kuchora yakizunguka katika safu tatu, na juu yake maneno ya lugha nisiyoijua yakinihimiza, kwa alama za dola, niweke pesa nicheze. Kina mama wa Mbagala walikuwa wamegeuzwa kasino, na bango lao wenyewe ndilo lililokuwa likiita wateja.

Nikapiga ile namba ya simu. Hiyo bado ilikuwa yao. Katibu wa kikundi, mama mwenye sauti ya taratibu, hakushtuka sana. Tovuti, alisema, ilikufa yule kijana alipopata kazi Dodoma. Kijana alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyejitolea. Aliwatengenezea kurasa nne bila malipo, akalipia jina kwa kadi yake, akajaza baruapepe yake, na mwaka uliofuata akalipia tena. Kisha maisha yakamchukua, akabadili laini, mawasiliano yakakatika. Hakuna aliyegombana na mtu wala kuiba kitu. Katibu bado anamtaja kwa upendo, na kwa kweli sioni pa kumlaumu.

Lakini jambo lenyewe lilinikereketa. Jina la kikundi linawezaje kuondoka kwenye mikono ya wenyewe bila mlango kuvunjwa, na wenyewe wasisikie hata kishindo?

Aliyenielewesha ni fundi wa tovuti mwenye ofisi ya chumba kimoja Sinza. Ametengenezea kurasa vikundi vya akiba, kwaya, madrasa, shule binafsi na zahanati. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu wateja wake wangejitambua katika hadithi zake. Nilipomwonyesha yale matunda yanayozunguka, hakuuliza ni nini. Aliuliza tu, "Baruapepe ya usajili ilikuwa ya nani?"

Kwake, swali hilo ndilo tovuti nzima. Jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita kikoa, halinunuliwi likawa lako daima. Hukodishwa, kwa kawaida mwaka kwa mwaka. Akaanza kunihesabia kwa vidole namna jina linavyokufa, taratibu, kama mtu aliyeuguza wengi.

Kwa majina ya .com na .org, kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, zinamtaka msajili amkumbushe mwenye jina takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha. Amkumbushe tena takriban wiki moja kabla. Muda ukishapita bila malipo, atume onyo lingine ndani ya siku 5. Tovuti huzimwa, lakini jina bado halijafa. Wasajili wengi huliacha likielea kwa wiki kadhaa, pengine hadi siku 45, na katika kipindi hicho mwenyewe akijitokeza mara nyingi hulipa ada ile ile ya kawaida. Asipojitokeza, jina hufutwa na kuingia siku 30 za kukombolewa. Hapo linarudishika, ila kwa faini inayoizidi ada ya mwaka mara kadhaa. Zikipita, zinabaki siku 5 za mwisho ambazo hata mwenye fedha mkononi hafui dafu: jina limefungwa, linangoja kuachiwa. Likiachiwa, zipo programu zilizokuwa zikilinyemelea, nazo hulinyakua ndani ya sekunde chache. Majina ya nchi, kama .tz na .ke, yana ratiba zake, lakini mwendo unafanana.

"Sasa angalia, kaka," fundi akasema. "Tangu onyo la kwanza mpaka kunyakuliwa ni miezi. Miezi! Na hakuna hata siku moja ambayo msajili alimficha mtu kitu. Maonyo yote yalitumwa. Yalitumwa kwa nani?"

Kwa kijana wa Dodoma, kwenye anwani ya chuo ambayo huenda ilifungwa alipohitimu. Na huo, kwa maelezo ya fundi, ni mkasa wa kawaida. Upo uliomkaa rohoni zaidi. Kuna viongozi makini ambao, tovuti ikishakuwa hewani, huona baruapepe ya mtu binafsi haina heshima. Wanafungua ya kikundi, ile inayoanza na info na kuishia na jina la tovuti yenyewe, kisha wanaiandikisha hiyo kwenye usajili. Inapendeza. Lakini jina likizimwa, sanduku hilo la barua nalo huzimika, maana limejengwa juu ya jina lile lile. Onyo la mwisho, lile linalokuja baada ya muda kwisha, linatumwa kwenye sanduku lililofungwa na jambo lile lile ambalo onyo lilikuja kulitangaza.

Nilimwomba arudie. Alirudia, na mara ya pili liliuma zaidi.

Na kwa nini wenye kasino wahangaike na jina la kina mama wa maembe makavu? Kwa sababu ya heshima iliyolizunguka. Tovuti ya kikundi iliwahi kutajwa kwenye kurasa za wafadhili na kwenye habari za magazeti. Viungo hivyo bado vipo, na mitambo ya kutafuta huvichukua kama ushahidi kwamba jina hili ni la kuaminika. Anayelinunua jina lililoachwa hununua sifa ambayo hakuitolea jasho. Machi 2024 Google ilitangaza kwamba inahesabu mchezo huu kuwa ulaghai. Matunda ya Mbagala, hata hivyo, bado yanazunguka.

Kuna njia ya kudai jina kisheria. Tangu 1999 ICANN ina utaratibu wa usuluhishi, na shauri lenye mwamuzi mmoja likipelekwa kwa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, ada yake ni dola 1,500. Mlalamikaji lazima kwanza athibitishe kwamba ana haki ya alama ya biashara juu ya jina hilo. Nilipomweleza katibu, alicheka. Kikundi hakina alama iliyosajiliwa, na kwa fedha hizo, alisema, wangenunua kaushio jingine.

Ndiyo maana siku ya kwanza fundi huyu hazungumzii rangi wala picha. Wateja wanakuja na maono, dhamira na salamu za mwenyekiti. Yeye anawauliza kama wana muhtasari wa kikao. Benki, anawakumbusha, haiwafungulii akaunti bila watia saini watatu na barua ya mkutano, lakini jina linalobeba sifa yao yote wanamwachia mtu mmoja mwenye simu moja. Anataka kikao kiandike: jina limesajiliwa kwa kikundi, si kwa mtu, baruapepe ya usajili ni ya kikundi, lakini iko nje ya jina lenyewe, neno la siri wanalijua watu wawili, tarehe ya kulipia imeandikwa kwenye kalenda ya mweka hazina. Kwa walio Tanzania huwashauri wafikirie .or.tz, iliyotengwa kwa mashirika, na wakiweza walipe miaka kadhaa kwa mkupuo.

Mengine kwake ni kazi ya siku chache. Ukurasa wa kwanza useme kikundi kinafanya nini, kiko wapi na kinapatikanaje kwa simu, mtu asilazimike kutafuta. Cheti cha usalama hakilipiwi siku hizi. Let's Encrypt hukitoa bure. Picha ya simu yenye megabaiti nne huipunguza mpaka chini ya kilobaiti 200, kwa sababu mnunuzi wa Tandika anaifungua kwa bando lake mwenyewe. Watoto hawaanikwi sura bila ridhaa ya wazazi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, anasema, adabu ilikuwepo.

Nikamuuliza yeye mwenyewe ameandikisha majina mangapi kwa jina lake.

Alinyamaza, akatabasamu bila furaha. Ni mengi. Vikundi vingine havikuwa na baruapepe. Vingine vilimwambia, "Fanya tu, mwanangu, tunakuamini," na kazi ilikuwa ya haraka. Wapo wasiomlipa mwaka wa pili, naye hulipa kutoka mfukoni ili jina lisipotee, kisha huona uchungu, kisha hulipa tena. Wapo mafundi wenzake wanaofanya kinyume: deni likizidi, wanazima tovuti na kugoma kutoa funguo. Je, huo ni wizi au ni fundi kudai haki yake? Hakunijibu moja kwa moja. Alisema ameandika maneno ya siri ya wateja wote kwenye daftari la shule, na daftari analo dada yake, ambaye hajui ni la nini.

Hata nchi zimepitia njia hii. Herufi .ke ziliposajiliwa mwaka 1993 kuwa utambulisho wa Kenya kwenye intaneti, usimamizi wake ulikuja kusomeka kwa majina ya watu: Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kuwa mbunge, upande wa utawala, na Randy Bush, mhandisi wa Marekani, upande wa ufundi. Kuikabidhi kazi hiyo kwa taasisi ya Wakenya, KENIC, kulihitaji majadiliano na idhini ya kimataifa, iliyopatikana mwishoni mwa 2002. Taifa zima lilikaa takriban muongo mmoja mahali ambapo kikundi cha Mbagala kilikaa, ila lenyewe lilikuwa na sauti ya kujadiliana.

Kina mama wameamua kuanza upya, kwa jina jingine. Walimwita fundi kwenye kikao chao cha Jumamosi, wakamsihi aandikishe kwa jina lake, kwa kuwa ndiye wanayemwamini. Alikataa. Aliwaambia hata kijana wa Dodoma walimwamini, na hawakukosea.

Basi ikabaki hoja ya simu gani ipokee namba za uthibitisho. Mwenyekiti hubadili laini kila promosheni inapotangazwa. Muda wa katibu kuongoza unaisha mwezi Juni. Mweka hazina, ambaye wote wanakubali ndiye hapotezi kitu, anatumia simu ya kitochi na hataki nyingine. Mjumbe mmoja akapendekeza kikundi kinunue simu yake chenyewe. Mwingine akauliza itakuwa inalala kwa nani. Kikao kiliahirishwa hapo.