Fahamu: Kwa nini feleji moja huliwa na kutu, nyingine ikasalimika

Ajengaye karibu na bahari, iwe Mombasa, Unguja au Maskati, hana budi kujua kwamba feleji hazilingani mbele ya chumvi. Feleji ya kawaida, ambayo ni chuma chenye kaboni kidogo, hushika kutu upesi; na kutu hiyo, kwa kuwa huvimba ikakizidi kwa ujazo chuma kilichoizaa, huipasua zege kutoka ndani, ndiyo sababu nguzo nyingi za pwani huacha nondo zake wazi. Mabati hulindwa na zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike, walakini himaya hiyo hudumu kadiri zinki ilivyobaki.

Feleji isiyoshika kutu, ambayo Mwingereza Harry Brearley aliifua mjini Sheffield mwaka 1913, ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, nayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe. Aina ya 304, maarufu kwa sinki za jikoni, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, lakini chumvi ya bahari huweza kuutoboa utando wake. Aina ya 316, iliyotiwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ndiyo ifaayo zaidi pwani.

Gati la Progreso, nchini Meksiko, lililojengwa kwa nondo zisizoshika kutu kabla ya katikati ya karne iliyopita, lingali likitumika. Basi, ewe msomaji, ukinunua uliza namba ya aina, wala usihadaike na mng'aro.