Sarufi ya Amri: Kitenzi, Yambwa na Mahali katika Mstari wa Kompyuta

Aghalabu mwanafunzi wa isimu hukutana na mstari wa amri kwa dharura. Amerudi kutoka uwandani na mamia ya faili za mahojiano, diski inajaa, naye anahitaji kuzihamisha na kuzifuta kwa mkupuo. Mbele yake pana kishale kinachomemeteka tu. Anachotakiwa kuandika hapo ni sentensi, na sentensi hiyo ina sarufi yake.

Unix, mfumo ulioanza kubuniwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, uliurithisha ulimwengu vitenzi vifupi mno: ls huorodhesha, cp hunakili, mv huhamisha au hubadili jina, rm hufuta, mkdir huunda kabrasha. MS-DOS ya mwaka 1981 ilisema DIR, COPY na DEL, lakini mpangilio ni uleule: kitenzi hutangulia, yambwa hufuata, kiima hakitajwi. Mswahili haoni ugeni hapo, kwani "futa!" nayo haina kiambishi cha nafsi. (Upole wa "tafadhali ufute" haumo kabisa.)

Ugeni umo katika mahali. Kiswahili husema "nakili methali kabrashani", na kiambishi tamati -ni humwonyesha msikilizaji kwamba kabrasha ni mahali, si kitu. Amri ya cp haina -ni. Mtu akiandika cp methali.txt nakala, maana hutegemea yaliyomo diskini wakati huo. Ikiwa nakala ni kabrasha, faili huwekwa ndani yake. Ikiwa hakuna chenye jina hilo, huzaliwa faili mpya iitwayo nakala. Ikiwa ipo faili yenye jina hilo, maandishi yake ya zamani hufunikwa, na kwa kawaida bila onyo. Sentensi ni moja, matokeo ni matatu, na la tatu linaweza kula kazi ya mwaka mzima. Tiba yake ni mkwaju mwishoni: nakala/ hufanya kazi ya -ni, na kabrasha lisipokuwapo mashine hukataa.

Suala la pili ni mpaka wa neno, ambalo wanaisimu wa Kibantu wamelijadili kwa muda mrefu. Kizulu huandika ngiyakuthanda kama neno moja. Setswana huandika ke a go rata kwa maneno manne, na hakuna anayedhurika. Katika mstari wa amri, nafasi tupu ndiyo mpaka pekee. rm *.bak hufuta faili zinazoishia na .bak tu. rm * .bak, yenye nafasi moja baada ya kinyota, hufuta faili zote za kabrasha hilo, isipokuwa zilizofichwa, kisha huitafuta faili iitwayo .bak. Kwa sababu hiyo hiyo, jina kama "ngano za Pemba" lisipofungwa kwa alama za mtajo huhesabiwa kuwa majina matatu.

Kufuta kwenyewe si kuteketeza. rm huondoa jina katika orodha, mithili ya kukata ingizo katika faharasa huku ukurasa ukibaki kitabuni. Data hukaa hadi nafasi yake itumiwe tena. Ndiyo maana mafundi waliweza mara nyingine kuokoa faili katika diski za sahani. Katika diski za kisasa zisizo na sahani matumaini ni haba zaidi, kwani nyingi husafisha nafasi hizo zenyewe.

Kuhusu ukubwa, df huonyesha nafasi iliyobaki diskini na du huonyesha kilichotumiwa na kila kabrasha. Kuongeza -h hutoa tarakimu zinazosomeka kwa urahisi.

Wazoefu huitumia sarufi hii kujilinda. Kabla ya rm *.bak huandika ls *.bak: yambwa ileile, kitenzi kisicho na madhara. Wakiridhika na orodha inayotokea, huirudisha amri kwa kitufe cha mshale wa juu na kubadili herufi mbili za mwanzo.