Shingo Haikupona, Ilinyamaza Tu

Kazi nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa hufanywa macho yakiwa chini. Mshona kofia za mkono huzungushia uzi tundu moja baada ya jingine, na kofia moja huweza kula majuma kadhaa. Mchonga milango huinamia ubao, mpaka hina huinamia kiganja cha bibi harusi hadi usiku. Ukitoka hapo ukaenda Mtaa wa Biashara, mafundi cherehani nao wameinama vivyo hivyo, na kule Marikiti mahamali hupakua magunia kwa mgongo na kwa kichwa. Malalamiko yao yanafanana sana. Shingo ilishika, mtu akakandwa, akaumikwa, akameza vidonge, akapata nafuu. Baada ya miezi michache maumivu yakarudi, safari hii yakishuka begani hadi vidoleni.

Kwa nini yarudi? Kwa sababu, mara nyingi, ugonjwa wenyewe haukuondoka. Kilichoondoka ni maumivu.

Shingo ina pingili 7. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, kuna diski: katikati ute mzito uliojaa maji, na pembeni pete za nyuzi ngumu. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Mchana uzito wa kichwa huikamua kama sifongo, na usiku, mtu akilala, hunywa maji tena. Kidonda cha ngozi hupona kwa kuwa damu hukiletea kila kinachohitajika kujenga upya. Ufa wa diski hauna msaada huo, kwa hiyo hauzibiki kama zamani. Umri ukisonga, ute hukauka, diski husinyaa, pingili hukaribiana, na mwili huotesha vinundu vya mfupa kandokando. Kinundu kikibana neva inayotokea kati ya pingili ya 6 na ya 7, kidole cha kati hufa ganzi ingawa mkono wenyewe hauna ila yoyote.

Hata hivyo, uchakavu huo peke yake si maumivu. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kipimo cha MRI kwa watu 497 wasiokuwa na dalili zozote za shingo. Miongoni mwa waliozidi miaka 60, asilimia 86 ya wanaume na asilimia 89 ya wanawake walikuwa na diski zilizochakaa, na hawakuwa na habari. Kinachouma ni neva iliyovimba na misuli iliyokaza, na hayo ndiyo yanayofikiwa na vidonge, joto na mikono ya mkandaji. Zaidi ya hayo, shambulio la ghafla mara nyingi hutulia lenyewe baada ya majuma, na sifa humwendea aliyekanda mwisho. Nafuu hiyo ni ya kweli. Ila siku ya pili mgonjwa hurudi kwenye kigoda kilekile na kuinama vilevile.

Hata upasuaji haukati mzizi. Mwaka 1999 Hilibrand na wenzake, nchini Marekani, walieleza yaliyowapata wagonjwa 374 waliounganishwa pingili za shingo. Kwa makadirio yao, karibu robo yao wangepata dalili mpya katika pingili za jirani ndani ya miaka 10. Pingili zilizounganishwa hazisogei tena, kwa hiyo huenda jirani zake hubeba mwendo wa ziada. Lakini jirani hao nao walikuwa njiani kuchakaa, na hakuna kisu kinachosimamisha umri.

Jambo ninaloliona limepuuzwa zaidi ni misuli. Ile midogo ya ndani, inayoshika pingili kwa mbele, hulegea shingo inapouma, na maumivu yakiisha hairudii kazi yake yenyewe. Kola ya shingo ikivaliwa muda mrefu huizidishia udhaifu. Nchini Finland, Ylinen na wenzake waliwafuatilia wanawake 180 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu ya shingo, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 73 ya waliofanya mazoezi ya nguvu walisema wamepata nafuu kubwa au wamepona kabisa. Katika kundi la kulinganishia, lililoshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kuchangamsha moyo na mapafu, waliosema hivyo walikuwa asilimia 21. Mazoezi hayo huanza maumivu yakipungua, wakati uleule ambao wengi wetu huacha kwenda kliniki.

Kisha kuna kazi yenyewe. Mtaalamu wa tiba ya viungo huishika shingo kwa nusu saa, kazi huishika kutwa. Fundi wa kofia akiweka mto mapajani ili kofia ipande hadi kifuani, na viwiko vikapata pa kuegemea, kichwa hakiinami sana. Meza ya cherehani inaweza kuinuliwa kwa vipande vya mbao. Kila nusu saa fundi ainuke, atazame mbali. Na asikubali kinyozi amzungushe shingo kwa nguvu mpaka ilie, kwani mshipa wa damu unaopanda ubongoni kupitia pingili huweza kuchanika, na hapo ni kiharusi.

Kuna dalili zisizongojea mkandaji. Sindano ikianza kumponyoka mshonaji, vifungo vya kanzu vikimshinda, miguu ikawa mizito au mwendo ukayumba, huenda neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo imebanwa. Asikandwe tena. Apelekwe haraka Hospitali Kuu ya Pwani au kwa daktari yeyote awezaye kumwandikia MRI, kwani neva hiyo ikibanwa muda mrefu, upasuaji huweza kuzuia hali isizidi lakini mara nyingi haurudishi yote yaliyokwisha kupotea.