COMIC CON ZINAKUA, LAKINI MEZA YA MCHORAJI IKO WAPI?

Kuna mshikaji wangu hapa Majengo, kazi yake ni kuandika mabango ya saluni na kuchora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi. Kwa miaka miwili sasa, jioni akishaosha brashi, amekuwa akichora hadithi ya mpagazi wa mlimani ambaye siku moja anapewa mzigo usio na mwenyewe. Kurasa 32, kalamu ya wino mweusi, kwenye kaunta buku. Nimeisoma yote na nakwambia ni noma, hasa pale mpagazi anapokaa peke yake Horombo anauangalia ule mzigo na hataki kuufungua.

Juzi binamu yake aliyeko Nairobi akamtumia picha za Comic Con ya kule. Vijana wamevaa kama Spider-Man, wengine kama Naruto, mmoja ana mbawa kubwa utadhani popo. Jamaa akapitisha picha zote, akarudia tena, halafu akaniuliza: "Kaka, vitabu viko wapi hapa? Hii kitu ni ya watu kama sisi au ya watoto wa kishua?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kafe, nikasoma, nikarudi nikamwelezea. Na nyie nawaelezea hivyo hivyo, maana najua Moshi hii kuna wengi wenye makaunta buku yao chini ya godoro.

Tuanze na jambo lenyewe. Comic Con ni mkutano wa watu wanaopenda vitabu vya katuni. Ile maarufu kuliko zote ilianzia San Diego, Marekani, mwaka 1970, na haikuanza na mapesa. Machi 21 mwaka huo walifanya mkutano mdogo wa siku moja ili kuchangisha hela za mkutano mkubwa. Mkubwa wenyewe ukafanyika Agosti, ukapata watu kama 300 tu. Mia tatu! Harusi ya Kichaga ya kawaida inawazidi hao. Siku hizi San Diego inaingiza zaidi ya watu 130,000 kwa mara moja, tiketi zinagombaniwa mtandaoni, na hoteli za mji zinapandisha bei kama nyumba za wageni za hapa kwetu wiki ya Kili Marathon.

Lakini angalia kilichotokea njiani. Kampuni za sinema ziligundua kwamba wale wapenzi wa katuni ndio watakaojaza majumba ya sinema, zikaanza kuja na waigizaji, filamu ambazo hazijatoka na mabanda makubwa. Umati ukaja kwa ajili ya hao. Vitabu havikufukuzwa, ila vilisogea pembeni, na mchoraji mdogo akapangiwa sehemu yake kwenye safu za meza wanazoziita uchochoro wa wasanii. Jina zuri, lakini uchochoro ni uchochoro.

Wajapani wao walishika njia nyingine. Desemba 21, 1975, Tokyo, ilianza Comiket: vikundi 32 vya wachoraji na wasomaji kama 700. Mwaka 2019 Comiket ya kiangazi ilipita watu 700,000, ukihesabu walioingia siku zote 4. Kwa hiyo kukua imekua, pengine kuliko zote. Ila moyo wake ni ule ule: meza ni ya mtu aliyechora na kuchapa kitabu chake mwenyewe, nakala chache, kwa hela yake. Waombaji wakizidi nafasi, wanapigiwa kura. Wanaoendesha shughuli wengi wanajitolea. Kampuni kubwa zinakuja pia, lakini zina upande wao.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali la mshikaji. Nani analipia ukumbi, hilo ndilo la kuuliza kabla ya kuuliza tamasha ni kubwa kiasi gani. Kama ukumbi unalipiwa na mdhamini anayeuza simu, vinywaji au gemu, basi katikati ya ukumbi atakaa mdhamini, na huwezi kumlaumu kwa sababu hela ni yake. Kama unalipiwa na meza za wachoraji wenyewe, katikati watakaa wachoraji, lakini meza ikiwa bei mbaya hawaji kabisa. Kila tamasha linahangaika na jambo hilo.

Afrika nayo imeingia kwa kasi. Lagos walianza Comic Con yao mwaka 2012, mwanzilishi akiwa Ayodele Elegba. Afrika Kusini ikaja na Comic Con Africa, Septemba 14 hadi 16, 2018, ukumbi wa Kyalami, chini ya kampuni ya kimataifa ambayo kazi yake ni kuandaa maonyesho. Walikuja watu makumi ya maelfu mara ya kwanza tu. Nairobi wana NAICCON, iliyozaliwa katika miaka hiyo hiyo ya 2010, na kwa sisi wa Kilimanjaro hiyo ndiyo ya jirani. Ina mashindano ya mavazi, ina gemu, ina wachoraji wanaouza kazi zao.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 San Diego yenyewe haikukutana ukumbini, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ianze, na Johannesburg ikahamia mtandaoni. Tamasha kubwa lenye wadhamini linaweza kulala mwaka mmoja au miwili likaamka. Dogo likilala, watu wake wanatafuta kazi nyingine. Na wala haihitaji ugonjwa. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza 2004 na inayojulikana dunia nzima, haikufanyika mwaka 2016 kwa sababu hela za wafadhili hazikutosha. Kama muziki wenye jina lile unaweza kukwama, jamani, katuni je?

Sasa kuna kitu kinaniuma kidogo. Ukisoma habari za haya matamasha utadhani katuni Afrika Mashariki ni mambo ya juzi, yameletwa na intaneti. Waulize baba zenu! Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, hata leo mtu akivaa hovyo kuna mzee atamwita Chakubanga. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza miaka ya 1950 na baadaye akadumu miaka na miaka ndani ya Taifa Leo. Halafu Sani. Wanaosema Sani ni neno lenye maana ya siri wamedanganywa: ni SA ya Saidi Bawji na NI ya Nico ye Mbajo, washikaji wawili waliounganisha majina. Humo ndimo walimopita kina Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Dokta Pimbi, wengi wakitoka kwenye mkono wa Philip Ndunguru, ambaye alifariki akiwa bado kijana mdogo. James Gayo akaja na Kingo. Watu walikuwa wanasoma kwenye basi, saluni, bweni, nakala moja inazunguka mikono ishirini mpaka jalada linachanika.

Na soko la Nairobi limeshapokea kazi ya Mtanzania kwa Kiswahili. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alihamia gazeti la Nation mwaka 1992, na mwaka 1996 kitabu chake cha katuni cha Abunuwasi kikatolewa na Sasa Sema, wachapishaji wa Nairobi. Kwa hiyo mtu akikwambia Kiswahili hakiuziki kule, mwonyeshe hiyo. Shujaaz nayo ilianza Kenya 2010, ikagawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya simu, ikaja mpaka Tanzania. Bure, kwa sababu wafadhili walilipa. Mchoraji wangu hana mfadhili.

Basi tukae chini tupige hesabu. Kaunta buku limefungwa, kalamu mkononi.

Kuna njia mbili za kuchapa. Kiwanda cha uchapaji kinatengeneza kwanza bati la kila ukurasa, na gharama ya bati ni ile ile uchape nakala 50 au 2,000. Ndiyo maana ukienda na oda ndogo unatajiwa bei mpaka unahisi unatukanwa. Fotokopi ya steshenari haina bati: unalipa kwa kila upande wa karatasi. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa 4 ndogo, kwa hiyo kurasa 32 ni karatasi 8, yaani pande 16. Tuseme upande ni shilingi 100, hiyo ni 1,600. Jalada gumu la rangi tuseme 500. Kitabu kimoja kimesimama 2,100, na pini mbili za stepla kubwa. Nakala 50 ni shilingi 105,000. Ukiuza kila kimoja 3,000, na vikaisha vyote, unapata 150,000. Faida 45,000.

Mshikaji akacheka. Maana hiyo 45,000 ndiyo ilipe meza, basi la kwenda na kurudi, hati ya kusafiria, chakula, na pengine maswali ya forodha, kwa sababu nakala 50 za kitabu kimoja hazifanani na vitabu vya mtu wa kusoma mwenyewe. Kulala angelala kwa binamu. Hata hivyo haitoshi. Chora vizuri usichore vizuri, hesabu inakataa.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho kila mtoto wa mkoa huu amekisikia mpaka amekichoka. Mkulima wa Kibosho mwenye magunia mawili ya kahawa hakuwahi kupanda basi kwenda kuyauza mnadani mwenyewe. Walijiunga, mwaka 1925 wakawa na chama chao, mwaka 1933 ikawa KNCU, na kahawa ya maelfu ya watu ikauzwa kwa jina moja. Najua KNCU imepitia mengi baadaye, msinirushie mawe. Lakini hesabu yake ilikuwa sawa.

Wachoraji wanne, kila mmoja nakala 50, meza moja, msafiri MMOJA. Faida ya wote ikiuzika ni 180,000, na nauli ni ya mtu mmoja, meza ni moja, hati ni moja. Aliyebaki Moshi anaendelea kuandika mabango yake na hapotezi siku tatu za kazi. Msomaji naye anaona vitabu vinne tofauti vya Kiswahili, anasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko angesimama mbele ya kijitabu kimoja. Comiket wenyewe meza wanatoa kwa kikundi, hata kama kikundi ni mtu mmoja. Na wale jamaa wa Kugali, kampuni ya Wanaijeria wawili na Hamid Ibrahim wa Uganda, walichangisha pesa mtandaoni wachape kitabu chenye hadithi za wachoraji mbalimbali. Februari 2024 katuni yao ya Iwájú ikatoka Disney. Sisemi mpagazi wa Majengo ataenda Disney. Nasema kabla ya hapo walikaa pamoja kwenye kitabu kimoja.

Mshikaji alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Akasema kwa nini tuvuke mpaka ndipo tuonane? Kwa nini isiwe hapa?

Nikaanza kukataa, halafu nikanyamaza. Kwa sababu Moshi ina wiki moja ya ajabu kila mwaka. Kuanzia Desemba 20 hivi, Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Nairobi, kila mahali, magari yanajaa barabara ya Arusha mpaka huvuki, na watu wana hela mfukoni na watoto ambao wakishakula ndafu hawana pa kwenda. Comiket wanakutana Agosti na mwishoni mwa Desemba kwa sababu hiyo hiyo: ndipo watu wako likizo. Hakuna haja ya hoteli, kila mtu ana kwao. Mavazi yanashonwa na mitumba ya Memorial. Kinachohitajika ni ukumbi wa shule ulio wazi likizo, meza kumi, na kibali. Hapo kwenye kibali usipuuze, anza na afisa utamaduni mapema, maana shughuli yenye kiingilio bila karatasi inaweza kufungwa saa nne asubuhi.

Na wasije 3,000. Wakija 300 tutakuwa tumefikia San Diego ya kwanza.

Tumekubaliana hivi: kwanza vitabu vichapwe, kwa sababu tamasha la katuni bila katuni ni watu waliovaa nguo tu. Yeye anamalizia jalada, amegoma kumwonyesha mpagazi uso. Anatafuta wachoraji watatu. Uwe Pasua, Njoro, Kiboriloni, Himo, hata Marangu juu huko, ukiwa na hadithi iliyokamilika isiyozidi kurasa 32, acha ujumbe hapo chini useme inahusu nini. Isiwe ya Spider-Man, huyo tayari ana watu wake. Na kama kuna mwenye Sani za zamani ndani na panya hawajazifikia, tunaomba kuazima siku moja tu, tutarudisha.