Nduthi Inakosa Nguvu kwa Matope? Soma Hii Kabla Uchome Klachi

Long rains zikianza, Machi hadi Mei, kila msee wa boda Olympic anajua stori ni gani. Kwa lami ya Kibera Drive unateleza tu kama kawa. Ukikata kona kushuka Gatwekera ama Soweto, ama upeleke mtu Kawangware uingie ndani ndani kule Gatina, nduthi inaanza kulia kama imebeba friji. Unapea mafuta, inapiga kelele, lakini haisongi. Customer huko nyuma anaangalia saa.

Wengi hapo hufanya kitu moja: kuongeza mafuta. Hapo ndipo doh inaanza kupotea, juu "imekosa nguvu" si ugonjwa mmoja. Ni kama kusema "naumwa na tumbo". Inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa kitu serious. Kwa hivyo kabla umpigie fundi, angalia tairi ya nyuma na usikize injini. Hizo mbili zitakuambia karibu kila kitu.

1. Injini inalia, tairi inazunguka, lakini huendi

Hapa nduthi haina shida. Shida ni grip. Tairi imejaa matope hadi mistari yake haionekani, sasa ni kama umevaa slippers kwa sakafu ya sabuni. Ukiongeza mafuta unachimba tu shimo.

Mwambie customer ashuke, hakuna aibu. Toa matope kwa tairi na kijiti, weka gia ya pili, halafu achilia klachi pole pole na mafuta kidogo. Gia ya kwanza inapea tairi nguvu mingi sana kwa mara moja, ndio maana inateleza. Kuna wasee hupunguza upepo kidogo kwa tairi ya nyuma ndio ishike chini. Inasaidia, lakini ukifika lami jaza tena, juu tairi laini kwa speed itakuangusha.

2. Injini inalia, tairi imetulia

Hii sasa ni klachi inateleza. Nguvu inatoka kwa injini lakini haifiki kwa cheni. (Angalia pia kama cheni yenyewe imeruka, hutokea sana kwa matope.)

Cheki kebo kwanza. Lever ya klachi inafaa kuwa na uhuru kidogo, kama sentimita moja hadi mbili kwa ncha, kabla ianze kuvuta. Kama imekaza kabisa, klachi haishiki yote hata ukiwa umeiachilia. Legeza kebo, ni kazi ya dakika mbili.

Ya pili ni oili. Nduthi nyingi hapa, kama Boxer na TVS, klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili zingine za gari zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Kwa hivyo ukinunua oili, tafuta maandishi JASO MA ama MA2 kwa mkebe. Hiyo ndiyo ya pikipiki.

Ya tatu ni tabia. Ile kushika klachi nusu nusu ndio nduthi isizime kwa matope ndiyo huchoma pleti. Ukisikia harufu ya kuungua, simama na uache ipoe. Pleti zikiisha, hakuna adjustment itakusaidia, zinabadilishwa.

3. Injini yenyewe inakohoa, inakata kata, ama inazima

Injini inataka vitu tatu: hewa, moto na petroli. Matope na maji yanaweza kukunyima zote. Anza na ile rahisi:

*Plagi.* Zima nduthi, ngoja ipoe, toa kofia ya plagi, pangusa maji ndani na kitambaa kikavu, rudisha ikaze. Mara nyingi stori inaishia hapo.

*Kifuniko cha tangi.* Hii wasee wengi hawaijui. Kifuniko kina katundu kadogo ka kuingiza hewa. Matope yakikaziba, petroli inakataa kushuka. Nduthi inaenda vizuri mwanzo, baadaye inakufa, ukingoja kidogo inawaka tena. Fungua kifuniko. Ukisikia "fsss", umepata mwizi. Safisha.

*Filta ya hewa.* Ikilowa, injini inapumua kama mtu amefunikwa na blanketi. Ya sponji unaosha, unakausha, unapaka oili kidogo. Ya karatasi ikilowa matope, badilisha. Na usiwahi kuitoa uendeshe bila. Itapata nguvu leo, lakini mchanga utaingia ndani ukwaruze silinda na pistoni, na hiyo si bill ya mchezo.

*Maji kwa petroli.* Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo hukaa chini. Kabureta iko na skrubu ya kumwaga hapo chini. Fungua uone kinachotoka, lakini injini ikiwa baridi na hakuna mtu anavuta fegi karibu.

4. Injini iko sawa, lakini ni kama kuna mtu anakuvuta nyuma

Angalia madigadi ya mbele. Matope yakijaa kati yake na tairi, ni kama umefunga breki. Kwangua yote. Halafu inua gurudumu na ulizungushe na mkono. Kama ni zito, breki za ndani zimejaa uchafu ama umezikaza sana.

Angalia pia mapezi ya injini, zile mbavu za nje. Nduthi hizi zinapoozwa na upepo tu. Mbavu zikifunikwa na matope, na wewe unaenda mwendo wa konokono, injini inapata joto na nguvu inashuka. Simama ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi ikiwa moto, chuma inaweza kupasuka.

Usiwashe kabisa kama...

Ilizima ndani ya maji marefu. Maji yakiingia kwa silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama hewa, na ukilazimisha kick unaweza kupinda vitu ndani. Toa plagi kwanza, piga kick maji yatoke. Halafu cheki oili. Kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sukuma hadi kwa fundi, oili imwagwe yote.

Na ukipeleka kuoshwa jioni, waambie wasielekeze presha kwa plagi, filta ama kabureta. Nduthi nyingi "hukufa usiku" ilhali ziliuawa na mpira wa maji.

Kwa nini nasisitiza hivi? Juu wengi wenu mnaendesha nduthi ya loan, na malipo ni ya kila siku. Mvua haisimamishi loan. Injini ikikaa kwa fundi siku nne, ni siku nne za deni, rent inangoja, na mtu mgonjwa wa kupelekwa Mbagathi usiku anatafuta mwingine. Kwa hivyo beba spana ya plagi, bisibisi, kitambaa kikavu na kijiti cha matope chini ya kiti. Na msimu huu ikikwama, usiongeze mafuta. Zima, shuka, angalia tairi, sikiza.