Kumbe Dawa Aliacha Kitambo!

Jamani, mimi ni mtu wa kelele, nakiri. Siku ile wodini, hapa Dar es Salaam, nesi aliposoma presha ya mume wangu 192 kwa 124 halafu akaondoka bila kumchoma sindano, nilimfuata mpaka mezani kwake. "Dada, mume wangu anakufa!"

Baba Junior alikuwa amelazwa kwa mguu uliovunjika kwenye ajali ya pikipiki. Presha hatukuitegemea kabisa. Nesi hata sauti hakupandisha. Alimpa dawa ya maumivu, akamletea chupa akojoe, akamfunga mkanda mkubwa zaidi maana mkono wa mume wangu umejaa. Nusu saa baadaye, 168 kwa 102. "Umeona, mama?" Maumivu, hofu, kibofu kilichojaa na mkanda mdogo, vyote vinapandisha namba.

Daktari alinifafanulia zaidi. Zamani mgonjwa wa aina hiyo aliwekewa nifedipini chini ya ulimi ishuke fasta, na wengine wakaishia kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, kwa sababu ubongo uliozoea msukumo mkubwa ukipunguziwa ghafla unakosa damu. Mwaka 2024 American Heart Association ilitoa waraka kuhusu wagonjwa waliolazwa: presha kubwa isiyo na dalili ya kiungo kuumia, mara nyingi haihitaji dawa ya haraka ya mshipani.

Nikatulia. Kwa siku moja.

Usiku wa pili alianza kulalamika kichwa kinapasuka, anaona ukungu, kisha akaniita kwa jina la dada yake. 226 kwa 138. Safari hii hakuna aliyengoja! Alikimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi, dawa ikaingia kwa dripu, mashine ikapima kila baada ya dakika chache. Hata hapo walishusha kwa adabu, saa ya kwanza isizidi kama robo hivi.

Asubuhi akili ilishamrudia. Daktari akamuuliza dawa za presha aliacha lini. Mimi nikacheka, dawa gani tena? Mwenzangu akageukia ukutani.

Kumbe alipimwa kazini miaka miwili nyuma, akapewa vidonge, akameza miezi minne tu. Alihisi mambo ya chumbani yamelegea, akaona aibu kuniambia. Na mimi muda wote ule nilidhani ana kimada! Simu yake nilikuwa naipekua usiku. Basi nililia pale pale, sijui kwa hasira au huruma.

Daktari alimwambia kiume: dawa za presha ziko nyingi, moja ikikusumbua unasema tunabadilisha, huachi kimya kimya. Tena presha yenyewe, kwa kuharibu mishipa, huondoa nguvu za kiume.

Sasa mashine ya kupimia iko pembeni ya kitanda na tunapima wote. Jumapili iliyopita yangu ilisoma 146 kwa 92, tukarudia, ikawa vile vile. Jumatatu yeye ndiye aliyenipeleka kliniki, na gongo lake.